Pampu ya bwawa inapojizima: Usimfukuze mlinzi kabla ya kumsikiliza

Na Mwandishi Wetu

KWA miaka mingi bwawa la kuogelea lilihesabiwa kuwa ni anasa ya hoteli kubwa na ya nyumba za watu wachache. Siku hizi hali imebadilika. Katika miji kama Dar es Salaam, Arusha, Mwanza, Mombasa na Nairobi, mabwawa yamo katika nyumba za kulala wageni, shule binafsi, kumbi za burudani na hata majengo ya ghorofa yanayopangishwa.

Nyuma ya kila bwawa la aina hiyo kuna kibanda kidogo ambacho mgeni hakioni. Ndani yake mna pampu, chujio na sanduku la swichi. Mwenye bwawa naye hukisahau kibanda hicho, hadi siku pampu inapogoma.

Malalamiko yanayosikika mara nyingi hufanana. Pampu huwaka vizuri asubuhi, ikafanya kazi kwa nusu saa au saa nzima, kisha ikajizima bila mtu kuigusa. Pengine huwaka tena yenyewe baada ya muda na kuzima tena. Pengine breka ya kwenye sanduku la umeme huanguka, ikanyanyuliwa, ikaanguka tena.

Hapo ndipo wengi hufanya kosa ambalo linaweza kugharimu maisha. Wapo wanaoondoa breka iliyopo na kuweka kubwa zaidi ili isianguke. Wapo wanaokiruka kabisa kifaa kinachokata umeme unapovuja, wakiamini kuwa kimeharibika.

Ukweli ni kwamba pampu inayojizima yenyewe, mara nyingi, imezimwa na mlinzi aliyewekwa hapo makusudi. Kazi ya mwenye bwawa si kumfukuza mlinzi huyo, bali ni kumtambua, kisha kujiuliza ameona nini.

Msomaji asiye na bwawa asidhani kuwa makala haya hayamhusu. Pampu inayovuta maji kisimani au kuyapandisha kwenye tangi la juu ya paa ina mota inayofanana na hiyo, hutegemea umeme huohuo, na hujizima kwa sababu nyingi zilezile.

Pampu ikisimama, maji hubadilika

Kabla ya kueleza chanzo cha tatizo, ni vema kukumbuka kwa nini pampu hiyo ni muhimu. Maji ya bwawa hayabadilishwi kila siku kama maji ya ndoo. Yaleyale huvutwa, huchujwa, hutiwa dawa na kurudishwa bwawani.

Tuchukue mfano wa nyumba ya wageni yenye bwawa dogo la lita 60,000. Pampu inayosukuma lita 10,000 kwa saa huhitaji saa 6 ili ipitishe katika chujio kiasi cha maji kinacholingana na bwawa zima. Ikiwa inazima nusu ya muda huo, kazi ya saa 6 inakuwa ya saa 12, na kwa kawaida hakuna anayeiongezea muda.

Klorini huua vijidudu vingi kwa haraka, lakini sharti iwafikie. Kwa mujibu wa kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, katika maji yenye klorini ya kutosha bakteria wa E. coli hufa katika muda usiozidi dakika moja, kirusi cha homa ya ini aina ya A kwa takriban dakika 16, na kimelea cha Giardia kwa takriban dakika 45. Kimelea kiitwacho Cryptosporidium, ambacho husababisha kuharisha, huweza kuishi humo kwa zaidi ya siku saba.

Maji yasipozunguka, pembe za bwawa hukosa dawa, ukungu wa kijani huanza kuota, na mbu hupata mahali pa kutaga. Kwa hiyo pampu inayojizima si usumbufu wa mwenye mali peke yake. Mtoto anayemeza funda la maji hayo naye ana sehemu yake katika jambo hili.

Walinzi watatu

Katika mfumo wa pampu uliofungwa vizuri, wapo walinzi watatu, na kila mmoja ana kazi yake.

Mlinzi wa kwanza yumo ndani ya mota yenyewe. Ni swichi ndogo ya joto yenye kipande cha metali mbili zilizounganishwa. Kwa kuwa kila metali hutanuka kwa kiwango chake inapopata joto, kipande hicho hujikunja mota inapochemka na kuutenganisha umeme. Mota ikipoa, hurudi mahali pake na pampu huwaka tena yenyewe.

Mlinzi wa pili ni breka iliyo kwenye sanduku la umeme. Yeye hulinda nyaya zisiungue, kwa kukata umeme unapopita mwingi kuliko kiasi kilichowekwa, au pale nyaya zinapogusana. Akishaanguka harudi mwenyewe. Sharti mtu amnyanyue.

Mlinzi wa tatu ni kile kifaa ambacho mafundi hukiita kwa herufi RCD. Hulinganisha umeme unaokwenda na ule unaorudi. Ukipungua njiani, maana yake sehemu yake inavujia ardhini, pengine kupitia mwili wa mtu. Kifaa kinachotakiwa kwa kulinda watu hukata umeme uvujao unapofika miliampea 30, tena kwa muda mfupi kuliko nusu sekunde.

Tofauti kati ya mlinzi wa pili na wa tatu inapaswa kueleweka vizuri. Breka ya ampea 16 haiwezi kuona uvujaji wa sehemu moja ya kumi ya ampea, ilhali kiasi hicho kikipita kifuani mwa mtu aliyelowa maji kinatosha kumuua. Breka hulinda waya. RCD humlinda mtu.

Kutokana na maelezo hayo, swali la kwanza la kujiuliza ni rahisi. Je, pampu ilipozima, ilirudi kuwaka bila mtu kugusa kitu, au ilibidi mtu anyanyue swichi?

Ikirudi yenyewe, mshukiwa mkuu ni joto la mota. Ikibidi swichi inyanyuliwe, tazama ni swichi ipi iliyoanguka, kwani breka na RCD hueleza mambo mawili tofauti.

Wapo pia watumishi ambao si walinzi wa hatari hizi, lakini huweza kuzima pampu. Mmojawapo ni saa ya kuwashia na kuzimia. Pampu inayozima saa ileile kila siku huenda inatii amri tu, hasa ikiwa umeme ulikatika na saa hiyo ikapoteza majira. Mwingine ni kilinda volti, ambacho hukata umeme unaposhuka au kupanda mno, kisha husubiri dakika kadhaa kabla ya kuurudisha. Pampu mpya za kielektroniki nazo hujizima zikikosa maji, na huandika alama ya kosa kwenye kioo chake. Alama hiyo inakiliwe kabla ya kuzima swichi, kwani hueleza mengi.

Joto: adui wa mchana na wa jioni

Turudi kwenye nyumba yetu ya wageni. Tuseme pampu yake huzima kila siku kati ya saa 8 na saa 9 mchana, kisha huwaka yenyewe jua linapopungua. Msimamizi ameshanunua breka kubwa, lakini hali ni ileile.

Haikuweza kubadilika, kwa sababu aliyekuwa akikata umeme si breka. Ni swichi ya joto iliyo ndani ya mota.

Mota nyingi hutengenezwa kwa kukadiria kuwa hewa inayozizunguka haitazidi nyuzi joto 40. Kibanda cha bati kisicho na dirisha, katika mchana wa Februari jijini Dar es Salaam, huweza kupita kiwango hicho bila shida. Feni ndogo iliyo nyuma ya mota nayo hulazimika kuvuta hewa hiyohiyo ya moto na kuirudisha.

Mara nyingi hali huwa mbaya zaidi kwa sababu ya mazoea. Kibanda hugeuzwa stoo, na nyuma ya mota huegemezwa viti vya plastiki, mabomba ya mpira na magunia. Mota huwa kama mtu anayekimbia huku amezibwa pua. Dawa yake ni kuacha nafasi ya wazi nyuma ya feni, kuifuta vumbi, na kufungua matundu mawili ya hewa, moja chini na jingine juu upande wa pili, ili hewa ya moto ipande na kutoka.

Joto lina njia ya pili ya kuingia, nayo ni volti ndogo. Nchini Tanzania umeme wa majumbani hukadiriwa kuwa volti 230. Nyakati za jioni, watu wanapopika, kupiga pasi na kuwasha viyoyozi, katika baadhi ya mitaa volti hushuka chini ya hapo.

Taa volti zikishuka hufifia tu. Mota haiwezi kufanya hivyo. Mzigo wa maji ni uleule, kwa hiyo mota huvuta ampea zaidi ili itimize kazi yake. Volti zikishuka kutoka 230 hadi 200, ampea huongezeka kwa takriban asilimia 15. Na kwa kuwa joto la waya hufuata kipeo cha pili cha ampea, ongezeko hilo dogo huongeza joto ndani ya mota kwa karibu theluthi moja.

Wahandisi wa umeme wana kanuni ya makadirio isemayo kuwa kila nyuzi 10 za joto zinazozidi kiwango hupunguza kwa nusu umri wa ukinga wa nyaya za mota. Hivyo pampu inayochemka kila siku haizimi tu. Inazeeka.

Njia ya tatu ni waya mwembamba. Pampu ya kilowati 0.75, yaani ya takriban nguvu ya farasi mmoja, hutumia karibu ampea 5 ikiwa inazunguka. Wakati wa kuwaka, hata hivyo, huvuta mara tano hadi saba ya kiasi hicho kwa muda mfupi.

Tuseme kibanda kiko mita 40 kutoka kwenye sanduku la umeme, na waya uliotandikwa ni wa milimita za mraba 1.5. Umeme husafiri mita 40 kwenda na 40 kurudi, na waya huo una ukinzani wa takriban omu moja kwa safari nzima. Pampu inapovuta ampea 30 kuwaka, volti karibu 30 hupotea njiani. Ikiwa zilizofika nyumbani ni 210, mota inapata 180 tu.

Nguvu ya mota ya kujizungusha nayo hufuata kipeo cha pili cha volti. Kwa volti 180 inabaki na takriban asilimia 60 ya nguvu yake ya kuanzia. Hunguruma, husitasita, huchemka. Waya wa milimita za mraba 4 ungepunguza upotevu huo hadi volti 11 hivi. Ndiyo maana fundi mwaminifu hupima volti kwenye pampu yenyewe inapokuwa inafanya kazi, si kwenye soketi ya sebuleni.

Maji nayo yana lake

Inasemwa mara kwa mara kuwa chujio likiziba, mota huelemewa na kuzima. Maelezo hayo yana kasoro. Pampu za mabwawa husukuma maji kwa panga linalozunguka, na pampu za aina hiyo, njia ya maji ikizibwa, hufanya kazi kidogo na huvuta umeme pungufu, si zaidi.

Hata hivyo, kuziba kuna madhara yake. Maji yaliyonaswa ndani ya pampu huzungushwa palepale hadi yakapata moto. Pampu ikikauka kabisa, ile sili inayozuia maji yasifuate mhimili wa mota huungua, na sehemu za plastiki huweza kupinda.

Sili ikishaharibika, maji huchuruzika hadi kwenye beringi ya mbele. Beringi hushika kutu, huanza kulia, kisha hukaza. Hapo sasa ndipo mota huelemewa kweli. Madoa meupe ya chumvi au unyevu wa kudumu chini ya pampu, pale mota inapokutana na sehemu ya maji, ni dalili ya sili iliyochoka. Dalili ya mvua ni mawingu.

Upande wa maji, mambo ya kukagua ni machache, na mengi hayahitaji fundi. Maji ya bwawa yafike katikati ya mdomo wa pembeni unaokusanya takataka. Yakishuka chini ya hapo, pampu itavuta hewa. Kapu la kunasa majani lisafishwe, na swichi kuu izimwe kwanza kabla ya kufungua mfuniko. Raba ya mfuniko ikaguliwe kama ina nyufa.

Mapovu yakionekana kupitia mfuniko, au yakitoka kwenye matundu ya kurudishia maji bwawani, kuna mahali hewa inaingia. Namna rahisi ya kupatafuta ni kumwagia maji kiungo kimoja baada ya kingine katika bomba la kuvutia, kwa uangalifu ili maji yasiifikie mota. Kiungo ambacho kikimwagiwa maji mapovu hupungua ndicho chenye tatizo.

Geji iliyo juu ya chujio nayo isipuuzwe. Andika ukutani kipimo chake siku chujio lilipooshwa. Kikipanda kwa psi 8 hadi 10 juu ya hapo, ni wakati wa kuliosha tena kwa kugeuza mkondo wa maji.

Kipimo kimoja kinachotenganisha mengi

Fundi akiwa na ile mita inayobana waya na kusoma ampea bila kuukata, nusu ya kazi imekwisha. Aanze kwa kusoma kibao kilichobandikwa kwenye mota, ambacho hutaja ampea zake halali.

Ampea zikiwa chini ya kiwango cha kibao na maji hayatoki vizuri, tatizo liko upande wa maji: kuziba, hewa au panga lililochakaa. Zikizidi kiwango, tatizo liko kwenye umeme au kwenye mota: volti ndogo, beringi iliyokaza, takataka zilizonasa kwenye panga, au kapasita dhaifu. Zikiwa sawa kabisa na bado mota inazima kwa joto, mtuhumiwa ni hewa ya kibandani au feni.

Kapasita ni kile kikopo kidogo kinachoipa mota msukumo wa kuanza. Hupungua nguvu kwa umri na kwa joto. Ikichoka, mota hunguruma bila kuzunguka, kisha huzima. Umeme ukiwa umekatwa, mhimili uzungushwe kwa mkono kutoka upande wa feni. Ukizunguka kwa wepesi, kapasita ndiyo ya kushukiwa kwanza. Ukiwa mzito, kuna beringi mbovu au kitu kilichonasa.

Wapo wanaosukuma feni kwa kijiti huku umeme umewashwa ili mota ishike mwendo. Tabia hiyo imeacha watu na vidole vilivyokatika. Aidha, kapasita huhifadhi umeme hata baada ya swichi kuzimwa, kwa hiyo kuigusa na kuibadilisha ni kazi ya fundi.

Mvua inaponyesha

Hali ni tofauti kabisa ikiwa kinachoanguka ni RCD, hasa nyakati za masika au asubuhi yenye umande. Hapo pampu haisemi kuwa imechoka. Inasema umeme unavuja.

Chanzo huweza kuwa unyevu uliongia kwenye kisanduku cha viunganishi vya mota, mjusi aliyekaukia humo, au kiungo cha waya kilichozikwa ardhini kikiwa kimefungwa kwa tepu tu. Huweza pia kuwa ukinga wa nyaya za mota uliooza kwa hewa ya chumvi ya pwani.

Hewa ya chumvi huongezewa nguvu na mvuke wa dawa. Klorini ikiwekwa kibandani pamoja na pampu, mvuke wake hula shaba na kutu hushika viunganishi. Ikiwa na asidi ya bwawa imewekwa humohumo na mojawapo ikamwagikia nyingine, hutoka gesi ya klorini ambayo ni sumu ya kuua. Dawa hizo zihifadhiwe mbali na pampu, na kila moja mbali na mwenzake.

RCD inapoanguka mara ya pili, isinyanyuliwe tena. Watu wote watoke majini, na fundi wa umeme aitwe. Yeye atatenganisha pampu na waya wake. RCD ikitulia pampu inapotolewa, uvujaji umo ndani ya pampu. Ikiendelea kuanguka, umo kwenye waya unaokwenda kibandani. Kisha atapima ukinga kwa kile kipimo kiitwacho mega. Nchini Tanzania, fundi huyo anapaswa kuwa na leseni inayotolewa na EWURA, na mwenye bwawa ana haki ya kuomba kuiona.

Kwa nini breka kubwa si dawa

Sasa tunaweza kulijibu swali la yule msimamizi wa nyumba ya wageni. Kuna ubaya gani kuweka breka ya ampea 32 mahali pa ile ya 16?

Ubaya ni kwamba waya haukubadilika. Waya wa milimita za mraba 1.5, hasa ukiwa umepitishwa ndani ya bomba ukutani, hauwezi kubeba ampea 32 kwa muda mrefu bila kuyeyusha plastiki yake. Siku mota itakapokaza na kuvuta ampea 25, breka mpya itatulia kimya kwa muda mrefu, na kitakachochemka ni waya ulio ukutani.

Kununua pampu kubwa zaidi nako huwa ni kosa la aina hiyohiyo. Pampu kubwa huvuta umeme mwingi zaidi inapowaka, kupitia waya uleule mwembamba na volti zilezile pungufu. Fedha hutoka, na tatizo hubaki.

Kabla ya kununua chochote, mwenye bwawa awe na daftari kwa siku tatu. Aandike saa pampu ilipowaka, saa ilipozima, hali ya hewa, kipimo cha geji, ni swichi gani ilianguka, na kama ilirudi yenyewe. Kurasa mbili za daftari hilo humsaidia fundi kuliko maelezo ya simu ya nusu saa, na humzuia asibadilishe vifaa kwa kubahatisha.

Yapo ambayo mwenye bwawa anaweza kuyafanya mwenyewe: kusafisha kapu, kuongeza maji, kuosha chujio, kukagua raba, kupanga upya saa ya kuwashia na kuondoa vitu vinavyoziba feni. Yapo ambayo asiyaguse: kapasita, viunganishi vya mota, waya wa ethi, breka na RCD.

Katika mfano wetu, dawa ya nyumba ya wageni ni kuondoa viti nyuma ya mota, kutoboa matundu mawili ya hewa ukutani, kutandika waya mnene zaidi, na kurudisha breka ya awali. Pampu ni ileile.

Limebaki jambo moja ambalo halihitaji fedha wala fundi. Kila RCD ina kitufe kidogo cha majaribio, kwa kawaida chenye herufi T. Kikibonyezwa wakati umeme upo, swichi inapaswa kuanguka papo hapo. Isipoanguka, mlinzi wa tatu hayupo kazini, na bwawa lifungwe hadi kifaa kibadilishwe. Wenye mabwawa wangefanya vema kukibonyeza leo, kabla watoto hawajarudi kutoka shule na kuingia majini.